Maua ya Bi Kidawa Mfukoni mwa Koti Langu

Msicheke bado, ngojeni nifike mbele. Habari hii nilimficha hata mke wangu Mama Zuhura kwa miaka miwili, na alipoipata aliipata kwa watu wengine, akanitazama tu, akasema, "Na ualimu wako wote huo!" akaenda zake jikoni. Aibu niliyoipata Unguja sijaipata tena, na chanzo chake ni mimi kutaka kujua ua linanukaje.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria, wanunuzi binafsi wa korosho wameanza kupanda wenyewe hadi Newala na magunia yao, mitumba imejaa sokoni, na kila mtu anazungumzia kusafiri. Mdogo wangu Selemani alikuwa ameshaondoka, amepata kazi ya bustani kwenye hoteli mpya ya watalii huko Unguja, pwani ya mashariki, na huko huko akampenda binti anaitwa Zuwena. Wazee wa binti wakamwambia, kijana tabia yako tumeiona, lakini hatuwezi kumwoza mtu aliyeota kama uyoga, lete ndugu yako tumwone, tujue una watu. Baba yetu alishafariki, mjomba wetu alikuwa anaumwa mguu, nikabaki mimi. Selemani akaniandikia, "Kaka Hashimu, njoo likizo hii, pumzika siku tatu kama watalii, halafu Ijumaa baada ya sala twende ukaniposee." Basi nikanunua koti la mtumba, la kijivu, lina mifuko sita (niliihesabu mbele ya muuzaji), nikashuka Mtwara kupanda meli.

Sasa mchukue mtu wa Newala, ambaye kwao maji yanafuatwa bondeni na ndoo kichwani, mpeleke mahali maji yamejaa mpaka macho yanachoka, na kila ua wa nyumba una kichaka kinachonukia. Nilichanganyikiwa. Siku mbili nzima nilimfuata Selemani bustanini, hiki nini, kile nini, hiki kwa nini kinanuka jioni tu, mpaka akachoka, akaniambia, "Kaka, hili nalo ni ua tu."

Ijumaa asubuhi akaenda kazini, akaniachia neno moja: nisiende mbali. Mimi nikavaa koti langu mapema (nilitaka likae vizuri mwilini), nikashika viatu mkononi, nikashuka ufukweni kunyoosha miguu. Bahari haikuwepo! Kweli, ilikuwa imerudi nyuma huko mbali, imeacha mchanga mtupu, na akina mama wameinama wanafunga mwani kwenye kamba. Nikamwendea mmoja.

"Shikamoo mama. Maji yamekwenda wapi?"

"Marahaba. Yamekwenda kwao, yatarudi," akasema bila kuinua kichwa. "Na wewe rudi kabla hayajarudi."

Ningemsikia nisingekuwa na la kuwasimulia leo. Nikaendelea kutembea, naokota makombe, nachungulia vidimbwi, nafukuzana na kaa, kuja kugeuka nakuta njia niliyokuja nayo imeshafunikwa na maji ya magotini. Kwa kuogopa kulowanisha suruali ya posa nikapanda juu, nikawa napita nyuma ya nyumba za watu. Hapo ndipo harufu ikanikamata.

Ulikuwa mti wa mlangilangi, ingawa wakati huo sikuujua. Chini yake umetandikwa mkeka, na juu ya mkeka maua ya manjano, marefu, yamelala kama yaliyochoka. Hapakuwa na mtu. Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipopotea kwa akili yangu yote. Kwetu ukipita kwenye shamba la mtu ukakuta mabibo, yale matunda ya mkorosho, yameanguka, unaokota, unakula, hakuna wa kukuuliza, ila korosho unaing'oa na kuiacha pale pale chini ya mkorosho, kwa sababu korosho ni ya mwenyewe. Mtoto mdogo wa Newala anaijua sheria hiyo. Na kabla ya msimu watu wanasafisha chini ya mikorosho ili korosho zianguke mahali safi. Nikautazama ule mkeka, nikajiambia, hawa wenzetu wamestaarabika zaidi, wanatandika kabisa!

Nikataka kumpelekea Mama Zuhura aweke kwenye sanduku lake la kanga. Lakini mimi si mwizi. Nikaligeuza ua moja, nikachunguza: ndani, kati ya zile petali, kuna kidude kidogo cha kijani, kigumu. Nikafurahi sana, nikasema ndiyo hii korosho yake! Nikaketi, nikayachambua yote, moja moja, petali mifukoni mwangu, vidude nikavikusanya na kuvirundika vizuri kwenye shina, mwenyewe avione. Nikaondoka moyo mweupe.

Selemani alinikuta mlangoni, kanusa. "Kaka, umejipaka nini?"

"Mafuta tu," nikasema. (Uongo wa kwanza wa siku hiyo, na sijui ulitoka wapi.)

Tulipotoka msikitini tukaenda kwa kina Zuwena. Tukapiga hodi mlango wa mbele, tukakaribishwa ukumbini, baba mtu yupo, ami zake wawili wapo, majirani wamejaa barazani. Nikakaa, nikakohoa, nikaanza maneno yangu niliyoyafanyia mazoezi toka Newala. Mara kutoka uani ikasikika sauti ya bibi wa Zuwena, Bi Kidawa.

"Yarabi, nani alonichambulia maua yangu? Nimeingia kupika na kusali tu! Maua ya bibi harusi wa jirani, anatolewa leo!"

Nikageuza shingo. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kule nje nikauona mti, na mkeka, na rundo langu. Jasho likanitoka, na kadiri nilivyopata joto ndivyo koti lilivyozidi kunukia. Bi Kidawa akaingia ukumbini analalamika, akasimama katikati ya sentensi. Akanusa. Akanijia taratibu, akaniinamia mfukoni.

"Mgeni," akasema, "una nini humo?"

Nikasimama, nikaanza kutoa. Mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu, petali zinaanguka kwenye busati, watu wananyoosha shingo dirishani, na mimi huku natoa huku naeleza habari za mabibo na korosho, naeleza haraka haraka, na kadiri ninavyoeleza ndivyo inavyozidi kuwa upuuzi. Selemani aliinamisha kichwa. Nilimwona akifuta macho kwa kiganja, na hapo nilitamani ardhi inimeze.

"Na korosho zangu umeniwekea wapi?" Bi Kidawa akauliza.

"Shinani, bibi. Zote zipo."

Barazani wakapasuka kwa kicheko. Baba wa Zuwena hakucheka. Bi Kidawa akaniwekea petali zote kwenye sinia, akasema jibu la posa halitatoka leo, kwanza niende kwa jirani nikaseme mwenyewe. Nikatembea mtaa mzima na sinia kichwani, koti mwilini, akina mama wananisindikiza kwa vigelegele, na mlangoni kwa bibi harusi nikaeleza upya, toka mwanzo, habari za mikorosho.

Zuwena walimwoza, alhamdulillahi. Barua ya kukubali ilikuja mwezi uliofuata. Bi Kidawa alikuwa amewaambia wanawe kwamba mtu aliyemwachia mwenye mti haki yake wakati haonwi na mtu hawezi kuwa mwizi, ni mshamba tu, na ushamba haurithiwi. Lakini siku ya harusi Selemani alimleta mjomba, na mguu wake ule ule mbovu, amebebwa karibu kila hatua, ndiye akasema kwa niaba yetu. Mimi nilikaa nyuma, karibu na viatu.

Baadaye nikamuuliza Selemani kwa nini. Hakukasirika. Aliniambia polepole, "Kaka, siku ile ya posa nilikuwa na mtu mmoja tu wa kunisemea."

Tangu hapo, nikienda kwa watu, hata kama ni ua lililoanguka njiani na upepo unalisukuma, silishiki mpaka nimepiga hodi nikauliza la nani.