Taa ya Mfugaji kwenye Ukuta wa Msowero

Sekondari tulifundishwa kwamba Ulaya, kuanzia Italia, palitokea mwamko mkubwa wa elimu na sanaa, ukasambaa nchi hadi nchi. Tukakariri sababu zake na matokeo yake, kwa Kiingereza, tukafanya mtihani, tukasahau. Picha hata moja hatukuonyeshwa. Nikilikumbuka hilo mpaka leo nakasirika.

Picha nilikuja kuziona Mikumi, nikiwa tayari fundi wa mabango. Nilikuwa nachora simba kwenye ukuta wa gesti, maana kila mwenye gesti Mikumi anataka simba. Mama mwenye gesti alikuwa na kitabu kikubwa alichoacha mtalii. Alikitumia kuzuia mlango usijifunge. Nikamwomba.

"Chukua," akasema, "mlango nitautafutia tofali."

Lugha ya kile kitabu sikuijua hata neno, lakini siku hiyo nilimwacha simba bila mkia nikakaa chini kutazama. Malaika walikuwa na sura za wasichana wa mtaani. Nyuma ya Bikira Maria kulikuwa na vilima ambavyo, nibishie ukitaka, haviko Bethlehemu. Ni vya kwao wachoraji. Na mwanga ulitoka mahali pamoja tu, kwenye mshumaa au dirishani, kila uso ukapata sehemu yake kutoka hapo. Nikasema, alaa! Kumbe inaruhusiwa.

Basi kanisa moja la Msowero, kule kaskazini ya Kilosa, waliponiita nichore kuzaliwa kwa Yesu kwenye ukuta wa mbele, nilishajua nitakachofanya. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mkulima, mtu mzima wa kuamkiwa, alinipa kalenda ninakili. Kwenye hiyo kalenda walikuwa weupe wote, mpaka punda. Nikamfungulia kitabu changu, ukurasa ambao tajiri aliyegharamia picha amechorwa amepiga magoti kando ya hori.

"Na mimi naweza kuwekwa hapo?"

"Unawekwa vizuri tu, mzee."

Kalenda hatukuizungumzia tena.

Nyuma nikachora milima ya Ukaguru, na kando ya hori mwenyekiti amepiga magoti. Maria nikampa sura ya mama yangu, binti wa manamba wa mkonge. Kwa wachungaji wa Biblia nikataka mtu anayeijua kazi. Alikuwepo Msukuma mmoja, mfugaji, aliyehamia na familia yake kutoka kanda ya ziwa. Alisali kanisa hilohilo, lakini kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, kwa sababu ng'ombe wake waliwahi kuingia kwenye mahindi ya watu na tangu hapo wakulima hawakumpa hata mkono wa salamu. Alinikalia siku tatu juu ya debe, ameinua taa ya chemli. Picha yangu ilikuwa ya usiku, na mwanga wake wote ulitoka kwenye taa hiyo. Kando yake nikamchora ng'ombe wake mmoja, mdomo horini.

Kamati walipokuja kukagua, zikawa kelele.

"Huyu? Huyu huyu? Mbele ya madhabahu?"

Mwenyekiti akakata shauri: mfugaji afutwe, la sivyo ukuta mzima upakwe chokaa. Mfugaji mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, anasikia yote.

"Fundi, nifute tu," akasema. "Nimezoea."

Jamani, hilo "nimezoea" ndilo lililonipandisha mori.

"Simfuti ng'o!" nikasema. "Mzee, heshima yako iko palepale, lakini hebu njoo hapa uone. Uso wako huu, nani anaumulika?"

Akasogea. Nikamwonyesha kwa kidole ile njano kwenye shavu lake, kwenye paji, kwenye kola ya koti lake la Jumapili.

"Yote inatoka kwenye taa ya huyu bwana. Nikimfuta, taa imekwenda, na itabidi niwapake weusi wote: Maria, mtoto, na wewe na koti lako. Mimi mwanga siutoi hewani. Chokaa ile pale, brashi hii hapa. Atakayefuta na afute, ila mkono wangu haumo."

Nikajifuta rangi ya mikono kwenye sketi. Mwenyekiti alijitazama pale ukutani muda mrefu. Hajawahi kuonekana mzuri vile, na nadhani alilijua.

"Basi ng'ombe," akasema mwishowe. "Ng'ombe wake msogeze. Yuko karibu mno na mahindi."

"Mzee, hayo ni mabua makavu ya horini."

"Msogeze!"

Sikumsogeza. Yupo palepale mpaka leo, anatafuna.

Krismasi nilikwenda kusali huko. Mfugaji aliingia na mkewe, akaelekea kwenye benchi lake la mlangoni kama kawaida. Mwenyekiti, bila kugeuza shingo, akajisogeza kwenye benchi la mbele na kupigapiga mbao kwa kiganja. Watu wakageuka. Yule bwana akasimama kwanza, kisha akaenda akakaa.

Baada ya ibada nilimkuta bado anautazama ukuta.

"Fundi," akasema, "taa umenipa niiinue juu sana. Mkono utachoka."

"Utachoka, kaka," nikamwambia. "Usiushushe."