Nilipaka Diski za Breki Mafuta ya Nazi

Kosa ni langu, nasema kabla hamjaniuliza. Siyo shetani, siyo mkono wa mtu. Ni mimi na kichupa changu cha mafuta ya nazi!

Fundi wangu wa Kibamba alifungua tairi za mbele, akanionyesha diski za breki, yale masahani ya chuma yanayobanwa na pedi ili gari lisimame. Zimeliwa mpaka zimefanya ukingo, na kutu juu. Akasema, "Braza, hizi hata kuchonga hazichongeki. Badilisha zote mbili na pedi zake."

Nikamwambia nitarudi. Akili yangu yote ilikuwa kwenye posa.

Maana Jumapili ile nilikuwa napeleka posa kwa kina Rehema, Kimara, na rimu zangu za kisasa zinaonyesha kila kilichomo ndani. Kutu mbele ya wakwe? Thubutu!

Basi tulipokaribia mtaani kwao nikaegesha, nikazisugua diski kwa msasa, nikazipaka mafuta. Ziling'aa, jamani! Mjomba wangu, ambaye ndiye mshenga, akauliza nafanya nini. Nikamjibu, "Nazirembesha kidogo, Mjomba."

Kuingia kwa kina Rehema ni mteremko. Nakanyaga breki, gari halina habari. Mjomba anapiga shahada kwa sauti. Wenyeji wanatawanyika, kanzu mikononi. Navuta handbreki nimeshachelewa. Tangi la maji, pwaa! Na mnavyoijua Kimara kwa shida ya maji, yote yakamwagikia mkeka wa wazee.

Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Baba yake Rehema, kalowa mpaka kofia, akauliza kulikoni.

Nami bila haya nikasema, "Shikamoo baba. Fundi ndiye kaniponza, kanifungia diski mbovu."

Mzee akainama, akapitisha kidole kwenye diski, akanusa. "Hii nazi. Huyo fundi wako anatengeneza magari au anapika wali?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata mimi nilicheka, nikadhani yameisha! Rehema peke yake hakucheka. Akanivuta pembeni.

"Tangi lingenunuliwa lingine. Ungesema kweli, mie ningekutetea. Lakini umemsingizia mtu ambaye hata hayupo. Siku mie nisipokuwepo, utanisingizia nini?"

Barua ya posa ilirudi na Mjomba jioni ile ile, imelowa chepechepe.

Naumia, jamani! Diski nimeshabadilisha zote mbili, gari linasimama likiambiwa, lakini nalipanda peke yangu.

Nyie mnaonisoma, fundi akisema badilisha, badilisheni. Na ukishaharibu, sema "ni mimi" hapo hapo, mbele ya uliyemharibia. Mimi nayasema leo, kwenu nyie msionijua. Yule niliyepaswa kumwambia ameshaposwa na mwingine.