Bosi wa Chumba cha Nyuma

Viatu vya muuza magari vimekwisha visigino kwa safari za kwenda kwa bosi. Mteja akiomba apunguziwe, yeye huchukua funguo za gari kuukuu la mteja huyo, eti likakaguliwe, asije akaondoka. Kisha huingia chumba cha nyuma, hunywa maji na kutoka akipangusa uso: "Nimembembeleza, mama, bosi kakaza." Humo hamna bosi, mna ndoo na fagio. Leo ni mwisho wa mwezi. Asipouza hata moja, kesho hana kazi. Alipotoka mara ya tatu, bibi mmoja alimshika mkono. "Usigombane naye tena kwa ajili yangu, mwanangu, atakufukuza bure. Lete nisaini hivyo hivyo." Muuzaji akasimama na kalamu mkononi. Kisha akamrudishia funguo zake. "Kaulize kwingine kwanza, bibi. Hapa ni ghali."