Petroli ya Baba Mkwe

Pikapu yetu ya zamani ilikuwa ikila mafuta kama ina minyoo. Kila Alhamisi tulitoka Kyela kwenda Matema kuchukua vyungu vinavyoletwa kwa mtumbwi kutoka Ikombe, na kila Alhamisi, tukishaipita Ipinda kidogo, taa ya mafuta iliwaka. Mume wangu alinuna. Mimi nilifurahi, ila kimoyomoyo.

Hapo ndipo baba mkwe alipouza petroli ya chupa, kwenye meza kando ya barabara. Kwa Wanyakyusa wa rika lake, baba mkwe na mkamwana hawatazamani wala hawasemezani. Wengi siku hizi wameshaachana na hayo. Yeye hakuacha, nami nilimheshimu: nilijifunika kitenge usoni, nikageukia migombani. Alimimina petroli huku akimpa mwanawe maneno yaliyokuwa yangu. Mwambie mwenzio mvua imeangusha maua ya kakao. Mwambie ndizi zimo nyuma, asiziache ziozee humo. Nilijibu kwa kumnong'oneza mume wangu, naye aliyarudia kivivu kama karani aliyechoka.

Mwaka nilioharibikiwa na mimba, alimimina polepole sana.

"Mwambie mwenzio," alisema, "hata mimi nimelia."

Nililia ndani ya kitenge mpaka Matema.

Kisha fundi mmoja wa mjini akaishika pikapu. Alibadilisha plagi na sensa, akasafisha nozeli, akachomeka laptopu yake kwenye kompyuta ya injini na kupunguza mafuta yanayopulizwa. Gari likashika adabu. Mafuta ya Kyela yakawa yanatufikisha Matema na kuturudisha, taa haiwaki. Nilishangilia kuliko wote, nikampikia fundi wali kwa kuku.

Alhamisi ya kwanza tulipita tukipiga honi. Baba mkwe alikuwa amesimama, chupa mkononi. Ningesemaje tusimame? Mkamwana haombi kwenda kumwona baba mkwe. Tukawa tunapita, wiki baada ya wiki, na honi nayo ikawa inafupika.

Siku moja meza haikuwepo. Mume wangu alikwenda nyumbani kwa baba yake kuuliza, akarudi mpole. Kumbe tangu kituo cha mafuta kifunguliwe Ipinda, hakuna aliyenunua chupa zile isipokuwa sisi. Mzee alikuwa akizijaza kila Jumatano kwa ajili yetu. Aliuliza gari linaendeleaje, akaambiwa limepona.

"Basi vizuri," alisema. "Mwambie mwenzio nimefurahi."

Hiyo ndiyo salamu ya mwisho niliyopata, maana mume wangu si mtu wa kubeba salamu asiposukumwa. Mzee yu hai, anahudumia kakao yake. Tukienda kwake kwenye sherehe nasikia kikohozi chake, yeye sebuleni, mimi jikoni, na najuta kila kinaposikika.

Juzi nilimwuliza fundi kama anaweza kuirudisha ile kompyuta ya gari ilivyokuwa. Akaniuliza gari lina kasoro gani.