Kona ya Kuinama

Mzee aliyetembeza wageni pangoni hakuwahi kugusa jiwe. Miaka yote niliyouza soda mlangoni, nilimwona akiingia mikono ameifumbata mgongoni, kandili ikining'inia vidoleni ili iwamulikie wanaomfuata, ingawa balbu zilishafungwa mpaka ndani kabisa. Alionyesha kwa kidevu mawe yaliyopewa majina kwa maumbo yao: yule bibi harusi, yale meno ya mamba, na ule mkungu wa ndizi unaodondosha maji tone moja moja. "Bado linakua hilo, wanangu," alisema kwa sauti ya mtu mwenye mtoto aliyelala mgongoni. "Mkono una mafuta. Ukiligusa, umelidumaza." Akifika kona ya mwisho aliinama, akainama hasa, na wageni wote nyuma yake wakainama. Hapo zamani palining'inia jiwe refu kama mkuki. Lilikatika lenyewe kabla ya balbu kuja, dari ikabaki wazi. "Mzee, mbona unawainamisha watu bure?" nilimuuliza siku moja. Akacheka mpaka akakohoa. "Shingo yangu haijapata habari."

Juzi niliingia tena, na wajukuu zangu. Anayetembeza sasa ni binti aliyefunzwa na mzee, mwenye tochi kichwani na maneno ya harakaharaka. Alipofika kwenye kona ile aliinama. Wajukuu wakainama. Nikamuuliza pana nini hapo juu. Akainua uso, tochi ikamulika dari tupu, akaitazama kama anaiona kwa mara ya kwanza.

"Sijui, bibi. Hapa huwa tunainama."

Nikainama.