Uyoga niliuona mimi, jina likaandikwa la Mghoi

Leo nina wivu, na sifichi.

Mtafiti alikuja Sagalla kutafuta uyoga mdogo wa kwenye nyasi. Akaahidi kwamba atakayeuonyesha ataandikwa jina.

Nani aliuona kwanza? Mimi, mtu wa kufika mpaka Kampala! Kofia ya uyoga huo ni ndogo kuliko kifungo cha shati.

Nikang'oa wote, nikaosha vizuri, nikapanga kwenye sahani. Kwetu mgeni hapewi kitu na udongo, jameni.

Kumbe mmoja ulibaki. Jirani yangu Mghoi akauona, hakuugusa. Akauzungushia vijiti mbuzi wasiukanyage, akampigia mtafiti simu.

Mtafiti akaangalia sahani yangu. "Kaka, umeosha kila kitu nilichotaka kuona."

Halafu akaupigia magoti ule wa Mghoi na kuandika: "Umeonyeshwa na Mghoi."

"Pole jirani," Mghoi akaniambia, "lakini sahani inang'aa."

Nilitaka kwenda zangu. Lakini mtafiti alikosa wa kumshikia rula kando ya uyoga apige picha, nikamshikia.

Sasa kwenye picha ya rekodi kuna kidole gumba pembeni. Ni changu.

Mpongezeni Mghoi, sawa. Ila anzeni na kidole.