Sauti Iliyohama Kwenye Pengo la Malori

Vuuu. Hivyo tu, kama mtu anapuliza mdomo wa chupa chumba cha pili. Hiyo ndiyo sauti ya beringi nzima, na niliisikia siku yangu ya kwanza kazini Malaba, nikiwa nimevaa sketi kwa sababu hakuna aliyeniambia gereji haiendi na sketi. Fundi Mkuu aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye giaboksi ya pikapu iliyokuwa ikinguruma, akaniambia nibandike sikio kwenye mpini. Kisha akaihamishia kwenye altaneta, ile inayochaji betri. Huko nikasikia krrr, kama mchanga kwenye meno.

"Hii inakufa," akasema. "Ile ya kwanza bado inaimba. Kazi yako Amoding ni kujua tofauti, basi."

Nilikuwa nimeachia shule kidato cha pili, lakini ndoto hazikunipungukia. Usiku huo nililala nikiona bango la njano lenye jina langu. Bado naliona. Ndiyo maana nawaandikia ninyi wasichana mnaoanza sasa, mjue tulivyofanya enzi za Fundi Mkuu, na mahali nilipokosea.

Mwaka wa kwanza niliosha vipuri kwa dizeli. Beringi ni pete mbili za chuma zenye gololi katikati, ili kinachozunguka kisisagane na kilichotulia. Baadaye nilipelekwa tawi letu la Busia, chini ya Msimamizi aliyekagua kucha zetu kama mwalimu wa nasari. Huko nilijifunza kufunga wili na kunyamaza. Niliporudi Malaba, Fundi Mkuu akanipa kazi ya kujaribu magari barabarani. Nilishangaa, maana kulikuwa na mafundi wakubwa kuliko mimi. Sikuuliza. Unapewa kitu kizuri, unakimbia nacho.

Ndipo likaja gari la Mwalimu. Gari la spoti la zamani, milango miwili, jekundu lililofifia, la kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Mwalimu alitoka Sigalame, na gari aliachiwa na marehemu mumewe. Jumamosi alitaka kumpeleka binti yake chuoni Eldoret. Alisema likifika mwendo wa sitini linavuma nyuma.

Nililijaribu Alhamisi kwenye barabara ya mpakani, na malori yamejipanga upande wa kushoto yakingoja kuvuka. Uvumi ulitoka kushoto, wazi kabisa. Nikalipiga jeki, nikazungusha gurudumu la nyuma kushoto kwa mkono, nikasikia linakwaruza kidogo. Nikaandika kwenye karatasi ya kazi: beringi ya wili. Tukabadilisha. Nikajaribu tena barabara ileile, sauti ilikuwa imepungua. Mafundi wakaniita daktari, nami nikafurahi.

Ijumaa mchana nililipeleka kuoshwa. Foleni ya malori ilikuwa imesogea ikaacha pengo la kama malori matatu. Nilipopita pale, sauti ikaacha kushoto ikaja katikati, nyuma ya kiti changu. Lori lililofuata likairudisha kushoto. Ubavu wa malori ndio ulikuwa unanirudishia sauti, na mimi nikaufuata.

Nikageuza gari, nikaenda upande wa Amagoro ambako hakuna foleni. Nikakanyaga mafuta, uvumi ukapanda. Nikaachia, ukageuka kuwa kilio. Gurudumu halifanyi hivyo. Hiyo ni beringi ya pinioni, ile gia ndogo ndani ya difu, kasha la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, inayopokea nguvu kutoka kwa propela, ule mhimili mrefu chini ya gari. Ikikwama kwenye mwendo, magurudumu ya nyuma yote mawili yanaweza kujifunga kwa mara moja. Nikawaza mteremko wa njia ya Eldoret, nikawaza yule binti na sanduku lake.

Nilimkuta Fundi Mkuu akinywa chai.

"Boss, nilikosea. Si wili, ni difu. Nilisikia malori." Kisha nikamuomba aende akalijaribu mwenyewe, anihakikishie.

Akaweka kikombe chini.

"Siwezi," akasema. "Hiyo sauti siisikii tena, mtoto wangu. Karibu mwaka wa tatu sasa. Unafikiri nilikupa funguo kwa sababu ya uzuri?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Magari yote niliyoyapitisha, watu wote waliopanda wakaenda zao, hapakuwa na sikio lingine nyuma ya langu. Akaongeza kwamba Mwalimu nitamwambia mimi mwenyewe.

Mwalimu alifika jioni. Nilimweleza yote, pamoja na malori.

"Kwa hiyo jana lilipona na leo limeugua?"

"Jana sikulisikiliza vizuri, Mwalimu. Leo siwezi kukupa funguo."

Akasema wanafunzi wake huwa wanasubiri mpaka washikwe ndipo wakiri. Kesho yake walienda Eldoret kwa matatu.

Tulipofungua difu, mafuta yalimeremeta kwa vumbi la chuma. Fundi Mkuu alikaa kwenye kreti akinielekeza kufunga beringi mpya, kwa sababu pinioni ikilegea inalia na ikikazwa kupita kiasi inaungua. Ilikuwa kazi yake ya mwisho. Alistaafu mwezi huohuo, akaenda kwao kufuga kuku, akasema angalau hao hatawasikia alfajiri. Bisibisi ndefu aliiacha kwenye msumari wake, bila hotuba.

Watu huniuliza kama sasa nina uhakika. Hapana. Nina sikio moja zuri na moja la kawaida, na hofu inayonifaa kuliko yote mawili.

Siku ile tulipomaliza, Mwalimu alikuwa anangoja kwenye benchi. Nilienda na gari peke yangu hadi kule kusiko na malori. Nikashusha vioo vyote viwili, nikazima redio. Nikakanyaga mafuta, nikaachia. Upepo tu. Nikageuza gari, nikarudia.